Kupiga picha kwa kamera ya renjifainda ya mkanda wa 120: mwongozo kamili kwa mpiga picha wa Dodoma

Ukichungulia kwenye kidirisha cha kamera ya renjifainda, yaani ile inayolenga kwa kipima umbali, kila kitu kinaonekana safi: mbuyu ulio hatua tatu mbele yako, ng'ombe walio nyuma yake, na kilima kilicho mbali kabisa. Hata kifuniko cha lenzi kikiwa hakijatolewa, utaona mandhari nzuri vilevile, kwa sababu jicho lako halipiti kwenye lenzi. Linapita kwenye kioo cha pembeni. Humo ndimo makosa mengi ya kamera hizi yanamoanzia. Kamera haikuonyeshi kile filamu itakachokiona, na nyingi hazina taa wala mlio wa kukuonya. Kinachokulinda ni mikono iliyozoea kufuata mpangilio uleule kila mara.

Mkanda wa 120, filamu pana iliyoviringishwa pamoja na karatasi, kwenye kamera ya 6x9 (ukubwa wa picha kwa sentimita) unatoa picha nane tu, na kwenye ya 6x7 unatoa kumi. Kila negativu ya 6x9 ina eneo zaidi ya mara tano ya ile ya milimita 35, ndiyo maana watu wanavumilia uzito na gharama. Lakini mkanda wenyewe unaagizwa, unasafirishwa, na hutapata wa kuufidia dukani Majengo wala Sabasaba.

Mwongozo huu unaifuata Fuji GW690, kamera ya 6x9 iliyotoka mwaka 1978, ikafuatiwa na toleo la II mwaka 1985 na la III mwaka 1992. Tumeichagua kwa sababu haina betri hata moja, na betri za kamera za zamani si kitu cha kutegemea ukiwa Manyoni au Kondoa. Mwenye Mamiya 7, renjifainda ya 6x7, atakuta tofauti zake kuu mwishoni mwa sehemu ya kupiga. Mengine mengi yanafanana.

Ijue kamera kabla ya kuilisha mkanda

Lenzi ya GW690 ni ya milimita 90, tundu lake la kupitishia mwanga likifunguka hadi f/3.5 na kubanwa hadi f/32. Haitoki. Shata, inayofunguka na kujifunga ili kuruhusu mwanga, imo ndani ya lenzi yenyewe, na spidi zake zinaanzia sekunde 1 hadi 1/500, pamoja na alama ya T ambayo tutaieleza. Pete ya spidi na pete ya tundu zimekaa jirani mbele ya lenzi, na pete pana ya fokasi iko nyuma yake. Kuna kikinga-jua kinachoteleza mbele na nyuma juu ya lenzi, na kikirudishwa nyuma kinazifunika zile pete mbili. Kwa hiyo panga mwanga kikiwa kimesogezwa mbele. Ukikirudisha bila kuangalia, kidole kinaweza kusukuma pete ya tundu kutoka f/11 hadi f/8 usijue.

Chini ya mwili wa kamera kuna kihesabio kidogo. Kinasogea tarakimu moja kwa kila picha kumi, kwa hiyo 200 maana yake ni picha 2,000 hivi. Unapokagua kamera iliyotumika, kisome hicho kwanza. Kisha sikiliza spidi za chini: sekunde 1 ihesabu kwa saa ya mkononi, halafu 1/2, halafu 1/4. Shata iliyokaa miaka bila kufanya kazi hukwama kwenye spidi hizo kwanza, kwa kuwa mafuta ya gia zake yameganda. Usidanganywe na mlio mkubwa wa chuma unaosikika kila ukibonyeza. Huo ni wa mtambo wa ndani na ni wa kawaida kwa kamera hii. Shata yenyewe inanong'ona tu.

Ukipata karatasi ya nyuma ya mkanda uliokwisha safishwa, itunze pamoja na spuli yake, kile kijiti kinachoviringishiwa mkanda. Isokote upya kwenye spuli na uitumie kujifunzia. Iweke kwenye kamera, ivute na uitoe mara kumi ukiwa umekaa mezani, kisha mara tano ukiwa umefumba macho. Ni mazoezi ya bure, na yatakuokoa siku utakapobadilisha mkanda umesimama katikati ya upepo wa Agosti.

Kuweka mkanda

Tafuta kivuli. Kama hakuna, geuka ulipe jua mgongo na ufanye kazi ndani ya kivuli cha mwili wako. Upepo nao uupe mgongo.

1. Fungua mlango wa nyuma. Puliza ndani kwa pampu ndogo ya mpira, hasa kwenye reli mbili zinazopakana na dirisha la picha na kwenye vigurudumu vya pembeni. Usipulize kwa mdomo, maana mate hunata na vumbi hunata juu yake.

2. Angalia bamba la kukandamizia filamu lililo kwenye mlango. Lina nafasi mbili, 120 na 220. Libonyeze na kulitelezesha mpaka lisome 120, na swichi ya kihesabio cha picha za mkanda nayo isome hivyohivyo. Mkanda wa 220 hauna karatasi nyuma ya filamu, kwa hiyo bamba lake hukaa karibu zaidi. Ukiweka 120 kwenye nafasi ya 220, karatasi itabanwa, wenzo wa kuvutia mkanda utakuwa mzito, na kamera itaendelea kuhesabu hadi 16 wakati filamu imekwisha kwenye ya nane.

3. Spuli tupu iwe upande wa kulia, upande wa wenzo. Mkanda mpya uwe upande wa kushoto. Hakikisha kila spuli imekaa kwenye vipini vyake vyote viwili. Izungushe kwa kidole, isiyumbe.

4. Kata utepe wa karatasi unaofunga mkanda na uuweke mfukoni. Vuta ulimi wa karatasi mbele ya dirisha la picha, upande mweusi ukitazama lenzi na upande wenye maandishi ukikutazama wewe. Chomeka ulimi kwenye mwanya wa spuli tupu, katikati kabisa. Ulimi ukiingia mshazari, karatasi itapanda ukingo mmoja wa spuli na mwanga utapenya upande wa pili.

5. Huku kidole gumba cha kushoto kikiuegemea mkanda kidogo ili usilegee, vuta wenzo taratibu. Karatasi ikaze na ikae sawa kati ya kingo mbili za spuli. Endelea mpaka mshale mkubwa uliochapwa kwenye karatasi ulingane na alama ya kuanzia iliyo kwenye mwili wa kamera. Simama hapo hapo.

6. Funga mlango mpaka usikie umeshika. Vuta wenzo mpaka ukatae. Kihesabio cha picha kisome 1.

Mshale ndio roho ya kazi yote. Ukifunga mlango kabla haujafika, picha zote zitawahi na ya kwanza inaweza kukatwa au kuangukia nje ya filamu. Ukiupita, picha ya nane ndiyo itakayokatwa. Kamera haina njia ya kujua filamu imeanzia wapi. Inapima kuanzia pale ulipofunga mlango tu.

Kusoma mwanga wa kanda ya kati

GW690 haina kipima mwanga. Unaweza kununua cha mkononi au kutumia programu ya simu, lakini jua la Dodoma kuanzia Juni hadi Oktoba halibadilikibadiliki, na mtu anayejua kulisoma kwa kivuli hahitaji kifaa kwa picha za nje. Kanuni ni ile ya kale: jua likiwa wazi, weka f/16 na spidi ambayo tarakimu yake ya chini inakaribiana na ISO ya filamu, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga. Kwa filamu ya rangi ya negativu ya ISO 400 tunashauri uihesabu kama ISO 200. Filamu hizo hustahimili mwanga wa ziada kuliko upungufu, na nyuso nyeusi chini ya jua la utosini huhitaji mwanga huo ili macho yasigeuke mashimo.

Kwa hesabu hiyo, jua kali lenye vivuli vya kingo zilizokatika kama kwa kisu ni f/16 na 1/250, au mwanga uleule kwa f/11 na 1/500. Mawingu mepesi yanayofanya kivuli kionekane kwa shida ni f/8 na 1/500. Pasipo kivuli kabisa, kama asubuhi za Januari na Februari mvua ikiwa inakusanyika, ni f/8 na 1/250. Chini ya mti au kwenye baraza linalotazama anga wazi ni f/5.6 na 1/250. Jua likiwa linazama nyuma ya mibuyu, anza na f/5.6 na 1/125. Kumbuka huku jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na likishuka giza halichelewi kuingia. Una kama nusu saa ya mwanga mzuri, basi.

Kwa nyuso, epuka muda wa jua kuwa juu kabisa. Saa zetu zinafuata nyuzi za longitudo zilizo mashariki ya hapa, kwa hiyo mchana halisi wa Dodoma hauji saa sita kamili. Unaangukia kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linakuwa utosini hasa, na mtu aliyevaa kofia hana uso. Ikiwa lazima umpige saa hiyo, tumia fleshi. Shata iliyo ndani ya lenzi inaoana na fleshi kwa spidi zote hadi 1/500, jambo ambalo kamera nyingi za milimita 35 haziwezi. Acha lenzi kwenye f/11 na 1/500, iambie fleshi filamu ni ISO 200, kisha iweke kwenye otomatiki ya f/5.6. Itatoa mwanga mdogo kwa stopu mbili kuliko jua, yaani robo yake (kila stopu ni nusu), unaotosha kufungua macho bila uso kuonekana umemulikwa.

Ukitumia kipima mwanga, jihadhari na viwili: kanzu au ukuta mweupe, na ardhi yetu nyekundu iliyolowa. Nyeupe itakidanganya upunguze mwanga, nyeusi itakidanganya uongeze. Pima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga uleule wa mtu unayempiga, halafu tumia kipimo hicho siku nzima kama rejea.

Kwa filamu nyeusi na nyeupe, jaribu kichujio cha rangi ya chungwa. Mdomo wa lenzi ni milimita 67. Kichujio hicho hufanya anga la buluu liwe zito na udongo mwekundu ung'ae, na mbuyu usio na majani hujitenga na anga kama umechorwa kwa mkaa. Ongeza stopu mbili kwa ajili yake. Cha njano kinahitaji stopu moja. Kichujio cha kuondoa mng'ao wa maji, kama utakipeleka Singida kwenye ziwa Kindai au Singidani, kina kero moja: athari yake haionekani kwenye kidirisha. Kishike mbele ya jicho, kizungushe mpaka uridhike, kariri alama iliyo juu, kisha kifunge kwenye lenzi alama hiyo ikiwa juu vilevile.

Fokasi

Katikati ya kidirisha kuna doa dogo la njano. Ndani ya doa hilo kitu kile kile kinaonekana mara mbili, na ukizungusha pete ya fokasi picha ya pili inasogea kulia au kushoto. Zikikutana zikawa moja, lenzi imelengwa kwenye umbali huo. Nje ya doa hutaona mabadiliko yoyote.

Kwa kuwa picha inasogea kwa upande, unahitaji mstari uliosimama: ukingo wa mlango, nguzo, pua, mpindo wa khanga unaoning'inia. Mistari ya kulala haikusaidii. Ukikuta bati la paa au upeo wa macho tu, geuza kamera iwe wima, lenga, kisha irudishe. Kwenye uso wa mtu, lenga ukingo wa jicho lililo karibu nawe. Kuna mng'ao mdogo wa mwanga ndani ya mboni. Ukiona ving'ao viwili, zungusha mpaka kiwe kimoja.

Zungusha kwa kupita kidogo kisha urudi. Jicho linatambua kukutana vizuri zaidi likiona kwanza kutengana pande zote mbili. Na ukishafika, usiyumbe. Kwa f/3.5 ukiwa mita 1, ambao ndio umbali wa karibu zaidi lenzi hii inaouweza, kina cha kilicho wazi ni kama sentimita tano au sita. Mita 2 ni kama sentimita ishirini. Mtu akicheka na kurudisha kichwa nyuma, umemkosa. Ndiyo maana picha za watu za karibu ni salama zaidi kwa f/8, na kwa jua tulilonalo hakuna sababu ya kuzipigia f/3.5.

Kwa mandhari, kama zile mbuga za Bahi au mawe ya Mlima Simba, hata doa hulihitaji. Weka f/16, sogeza fokasi kwenye mita 8 hivi, na kuanzia mita 4 hadi upeo wa macho kila kitu kitakuwa wazi. Ukitaka kuchapa picha kubwa ya ukutani, bana hadi f/22, uweke kamera kwenye stendi.

Kipima umbali kinaweza kupotoka kamera ikigongwa, na barabara za vumbi za vijijini Kondoa au Kongwa hazina huruma. Kila baada ya safari, kikague. Zungusha fokasi hadi alama ya mbali kabisa, elekeza doa kwenye mnara wa simu ulio kilomita kadhaa, mfano ile iliyo juu ya vilima vinavyozunguka mji. Picha mbili zilingane. Zikiachana kulia na kushoto, kila fokasi yako ina hitilafu. Zikiachana juu na chini, fokasi bado ni sahihi ila jicho litataabika.

Kipimo cha uhakika zaidi kinatumia ile karatasi ya mazoezi. Iweke kama mkanda, vuta hadi 1, weka shata kwenye T na tundu f/3.5, bonyeza. Shata itabaki wazi. Sasa fungua mlango, toa karatasi, na ubandike juu ya reli kipande cha karatasi ya kuchorea ramani, ile inayoonyesha upande wa pili, kikiwa kimekazwa bila mkunjo. Kamera ikiwa kwenye stendi, elekeza gazeti lililobandikwa ukutani umbali wa mita 2. Lenga kwa doa, kisha tazama karatasini kwa kioo cha kukuzia, ukiwa umejifunika kitenge kizito kichwani. Herufi zisomeke. Kama zinasomeka vizuri zaidi pete ikiwa mahali pengine, kipeleke kipima umbali kwa fundi. Skrubu zake ni ndogo na zinaathiriana. Usizichokonoe kwa kisu.

Kupiga

Mpangilio ni huu, na usibadilishwe hata kama una haraka: kifuniko, tundu, spidi, fokasi, fremu, bonyeza, vuta.

Kifuniko cha lenzi kiingie mfuko wa kulia wa suruali na kisirudi mpaka kazi iishe. Kama vumbi linakutisha, funga kichujio kisicho na rangi mbele ya lenzi, ambacho hata ukikisahau hakizuii picha. Tundu na spidi zisome kwa macho. Usitegemee kumbukumbu ya picha iliyopita.

Shika kamera kwa mkono wa kushoto chini ya lenzi, uzito wote ukae kwenye kiganja hicho, kwa maana ni kama kilo moja na nusu. Kiwiko kibane kwenye mbavu. Vidole visipande mbele ya kile kidirisha kidogo cha kipima umbali. Doa likipotea ghafla, aghalabu ni kidole chako mwenyewe. Ndani ya kidirisha utaona mistari ya fremu inayojisogeza kadiri unavyolenga karibu. Inarekebisha tofauti ya mahali kati ya jicho na lenzi, lakini kwa vitu vya mita 1 au 2 acha nafasi kidogo juu ya kichwa. Pembe moja ya chini itafunikwa na lenzi na kikinga-jua. Kumbuka kuna nini pale kabla hujabonyeza.

Bonyeza ukiwa umetoa nusu ya pumzi. Kwa kuwa hakuna kioo kinachoruka ndani, 1/125 ni salama mkononi, na 1/60 inawezekana ukiegemea ukuta. Chini ya hapo tumia stendi na waya wa shata, unaojifunga kwenye kitufe.

Halafu vuta wenzo mara mbili, kila mara hadi mwisho. Mvuto mmoja hautoshi kwa fremu ya sentimita tisa, na ukiuacha nusu, shata itakataa. Wengi hudhani kamera imeharibika, kumbe inadai mvuto wa pili. Vuta mara tu baada ya kupiga. Kama hutapiga tena leo, acha bila kuvuta ili springi za shata zipumzike.

Mwenye Mamiya 7 aongeze mambo mawili. Lenzi zake hutoka, na ili mwanga usiunguze filamu wakati wa kubadilisha kuna pazia la ndani linalofungwa kwa kitasa kilicho chini ya kamera. Pazia likiwa wazi lenzi haitoki, na likiwa limefungwa shata haifanyi kazi. Kamera ikikataa kupiga, tazama pazia kwanza. Pili, shata yake ni ya umeme. Inatumia betri ya volti 6, na bila betri haipigi kabisa. Beba mbili. Kipima umbali chake nacho ni chepesi kuteleza juu na chini kikigongwa.

Kuhusu mahali pa kupiga: Ikulu ya Chamwino, Bunge na maeneo ya jeshi si pa kuelekezea kamera bila kibali, na kamera kubwa namna hii inaonekana kutoka mbali. Kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, pitia kwanza ofisi ya michoro hiyo pale Kolo na uende na mwongozaji wao. Usitumie fleshi, wala usikubali mtu amwagie mchoro maji ili rangi itokeze. Weka stendi, f/11, na spidi ndefu. Mwanga unaodunda kutoka kwenye mawe unatosha kabisa.

Usiku na ile herufi T

Kwa T, shata hufunguka ukibonyeza na haijifungi mpaka uzungushe pete ya spidi au uvute wenzo. Vyote viwili hutikisa kamera, na taa za Nyerere Square zitaacha mikia kwenye negativu. Dawa ni kadi nyeusi. Ziba lenzi kwa kadi bila kuigusa, bonyeza, subiri sekunde mbili mtikisiko utulie, ondoa kadi na uanze kuhesabu. Muda ukiisha, rudisha kadi, kisha ndipo uzungushe pete.

Filamu huchoka kadiri muda unavyorefuka. Kwa Ilford HP5 Plus, filamu nyeusi na nyeupe, kipimo kikikuambia sekunde 4, ipe 6. Kikisema 10, ipe 20. Kikisema 30, ipe dakika moja na nusu hivi.

Kutoa mkanda

Baada ya picha ya nane, endelea kuvuta wenzo. Utasikia uzito, kisha utakuwa mwepesi ghafla. Ongeza mivuto miwili zaidi. Rudi kivulini, fungua mlango, na kabla ya kuitoa spuli weka kidole juu ya karatasi isijifungue. Ikaze kwa kuizungusha, kunja ncha ndani kama inavyoelekezwa juu yake, lowesha gundi, funga. Spuli tupu iliyobaki kushoto ihamishie kulia. Itapokea mkanda ujao.

Mkanda ulioviringika kwa ulegevu, ukiwa mnene kuliko kingo za spuli, umekwisha kuingiza mwanga. Ukiona hivyo, uingize haraka kwenye mfuko mweusi au uufunge kwa karatasi ya alumini.

Vumbi, joto, safari

Usiache kamera ndani ya gari lililosimama juani. Mikanda iliyo kwenye friji itoe saa mbili kabla ya kuitumia, ikiwa bado kwenye pakiti yake, la sivyo unyevu utaganda juu yake. Popote mizigo inapopitishwa kwenye mashine ya kukagua, beba mikanda mkononi kwenye mfuko unaoonyesha na uombe ikaguliwe kwa macho. Mashine za zamani huvumilika kwa mara chache kwa ISO 400. Zile mpya za uwanja wa ndege zinazochora mzigo kwa pande zote huweza kuiunguza kwa mpito mmoja. Usiweke mkanda kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Ukisafisha mwenyewe filamu nyeusi na nyeupe, maji ya bomba ya Dodoma yana chumvi na huacha madoa meupe. Suuza ya mwisho ifanye kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta. Soma chupa, yawe maji yaliyoondolewa chumvi, si asidi. Kopo la kusafishia mkanda mmoja huchukua mililita 500.

Negativu zinavyoeleza kosa

Filamu ikitoka angavu tupu bila picha lakini namba za ukingoni zinaonekana, dawa ilifanya kazi ila mwanga haukuingia: kifuniko, au shata haikufunguka. Namba nazo zisipoonekana, kosa liko kwenye dawa. Weusi unaoingia kutoka ukingoni ni mkanda uliolegea au uliobadilishwa juani. Mistari mirefu iliyonyooka kama reli ya treni, kutoka picha ya kwanza hadi ya nane, ni punje ya mchanga kwenye reli au kigurudumu. Fremu zinazogusana ni karatasi iliyolegea wakati wa kuanza. Fokasi ikiwa nyuma ya mtu kwa kiasi kilekile kwenye kila picha, kipima umbali kimepotoka. Ikiwa mbele kwenye moja na nyuma kwenye nyingine, kamera ni nzima, ila wewe au mtu uliyempiga mlisogea baada ya kulenga. Na picha ya nane ikikosa robo yake ya mwisho huku nyingine zote ni nzuri, mlango ulifungwa mshale ukiwa umeipita alama.